Chupa Ishirini na Tisa

Thabit aliingia maabara saa tatu asubuhi, kompyuta yake imefunguliwa mkononi kama sinia, akaiweka mbele ya Mastura bila ya kuuliza kama ana nafasi.

"Shikamoo, Bi Mastura. Tazama hapa. Tazama tu."

"Marahaba." Mastura aliondoa jicho kwenye hadubini, akasubiri mpaka ukungu umtoke. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Miaka ishirini na saba kati ya hiyo aliimaliza kwenye kiti kile, katika jengo la utafiti wa bahari ng'ambo ya Maskati ya zamani, akihesabu wanyama wadogo kuliko punje ya mchele. Madaktari wa bahari wakiwaita planktoni. Yeye nyumbani akiwaita wadudu, ili asiulizwe zaidi.

Kwenye kioo palikuwa na grafu. Mstari mwekundu ulianza juu kushoto, ukapita mwaka baada ya mwaka ukipanda na kushuka kidogo, halafu ghafla ukaanguka kama jiwe. Baada ya hapo ulijiinua, lakini haukurudi tena kule juu.

"Hawa ni wale wa maji baridi," Thabit alisema. "Wa Dhofari, pwani ya kusini. Misimu ishirini na mbili ya kusi, kharif ishirini na mbili, zote kwa hesabu yako wewe. Unaona pale palipovunjika? Elfu mbili na kumi na tatu. Pale ndipo bahari ilipokatika, Bi Mastura. Kitabu changu chote cha shahada ya udaktari kimesimama juu ya mwaka ule, na sasa kamati ya uvuvi wanaitaka ripoti kamili. Wanataka kujua kwa nini dagaa wamepungua."

Alikuwa kijana wa miaka thelathini na nne, watu wao walitoka Mombasa, Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake na hakuona haya kukisema ofisini. Mastura alimpenda kwa hilo. Alimwona siku ya mwanzo alipokuja, hajui kushika kijiko cha sampuli, na yeye ndiye aliyemfundisha.

"Nnakuhitaji uweke saini tu," alisema. "Kuwa wewe ndiye mhesabuji. Bado wiki mbili."

"Iache hapo," Mastura alisema. "N'taiangalia."

Alipotoka, Mastura aliizima taa ya hadubini. Aliutazama mwaka ule kwenye kioo. Hakuhitaji kuuangalia zaidi. Aliujua ulivyopatikana.

Mwaka ule mumewe, Hatem, figo zilikuwa zimesimama. Mara tatu kwa wiki akipelekwa hospitali kusafishwa damu, na aliyempeleka ni Mastura. Nouf, binti yao wa pekee, alikuwa na miaka kumi na tatu. Mwisho wa kharif meli ilirudi kutoka Dhofari na chupa arobaini, kila moja imejaa kilichonaswa na wavu katika maji yale baridi yanayopanda kutoka chini pepo za kusi zinapoyasukuma maji ya juu mbali na pwani. Mastura alifungua chupa kumi na moja, akazihesabu kama ilivyopasa. Ya kumi na mbili aliishika mkononi, akaisoma lebo, akairudisha kwenye boksi. Kisha akachukua kalamu akaandika nambari. Aliandika nambari kwa chupa zote ishirini na tisa zilizobaki, kwa siku tatu, polepole, ili zionekane zimehesabiwa. Aliandika ndogo. Aliona kuwa nambari kubwa mtu ataiuliza, ndogo hakuna mwenye haja nayo.

Hatem alifariki mwezi wa pili uliofuata. Baada ya eda Mastura alirudi kazini, akahesabu kharif iliyofuata na nyengine zote, mnyama kwa mnyama. Nambari zile za uwongo zilibaki kwenye jedwali, na yeye alizipita kama mtu anavyopita nyumba aliyogombana na wenyewe.

Siku ile alirudi nyumbani Azaiba kwa njia yake ya kila siku, magari yamesimama Wattaya, jua linawaka kwenye vioo vya maduka ya magari mapya. Nouf alikuwa keshafika kutoka benki anakofanya kazi, anakata matango.

"Mama, uso wako umekuwaje?"

"Umechoka. Uso gani tena mtu atarudi nao."

"Wadudu wako wamekusumbua?"

Mastura alikaa kwenye kiti cha jikoni, akavua viatu. "Nikuulize. Wewe ukiambiwa bahari imeharibika mwaka fulani, halafu ikawa haikuharibika mwaka ule, itakudhuru nini?"

"Mimi? Hakuna." Nouf alicheka. "Kwani hao wadudu wanafanya nini hasa? Miaka yote hii hujaniambia, wallahi."

"Wanakula majani ya bahari, yale madogo yasiyoonekana. Maji baridi yakipanda yanakuja na mbolea, majani yanaota, na wao wanakuja kula. Dagaa wanawala wao. Jodari anamla dagaa. Wewe unamla jodari. Hawa wa Dhofari, mmoja wao ana mfuko wa mafuta tumboni, unauona kwa hadubini unang'aa. Kharif ikisha anashuka chini sana, mita mia tano, elfu, kwenye giza, anakaa huko miezi bila ya kula kitu, anajilia mafuta yake. Na chakula cha juu anashuka nacho, kinabaki huko chini, hewa yake ya ukaa hairudi juu kuongeza joto. Maji baridi yakianza kupanda tena, naye hupanda nayo."

"Analala tu miezi yote hiyo?"

"Analala."

"Masikini, bora yeye," Nouf alisema, akatia ndimu kwenye matango.

Jumapili, kabla ya wenziwe hawajafika, Mastura alichukua ufunguo wa stoo. Ilikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha, kinanuka formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, mpaka macho yanatoa machozi. Maboksi ya 2013 yalikuwa rafu ya chini, nyuma. Alipiga magoti, akayavuta. Chupa kumi na moja zilikuwa zimefungwa kwa utepe mweupe wa maabara, alioutia yeye mwenyewe baada ya kuhesabu. Ishirini na tisa zilikuwa bado na utepe wa njano wa melini. Haukuguswa. Mtu yeyote angeshuka stoo siku yoyote katika miaka yote ile, akavuta boksi, angejua. Hakuna aliyeshuka.

Alichukua ya kumi na mbili. Akaipandisha juu chini ya kitambaa, kama aliyeiba.

Fikra yake ilikuwa hii: azihesabu kimya kimya, zote, kisha aende kwa Thabit amwambie kuwa ameona makosa ya kunakili kwenye jedwali. Makosa ya kunakili hutokea. Hakuna atakayeaibika. Alikata utepe wa njano, akaiosha sampuli, akaigawa, akaweka sehemu yake kwenye kisahani. Kabla ya adhuhuri alikuwa amefika wanyama mia tatu na themanini wa aina ile, wale wa mfuko wa mafuta, na kisahani hakijesha. Kwenye jedwali la mwaka ule, kwa chupa ile, mkono wake ulikuwa umeandika hamsini na nne.

Alikaa akaitazama nambari. Jicho la kulia lilikuwa linampiga.

Jumatatu alihesabu ya kumi na tatu. Jumanne ya kumi na nne. Jumatano ya kumi na tano, na siku hiyo alasiri mistari ya kisahani ilianza kucheza, akamhesabu mnyama mmoja mara mbili, akarudia, akakosea tena. Zilibaki ishirini na tano. Saini ilitakiwa Jumapili ya pili. Alilaza paji la uso juu ya meza baridi. Hata angeweza kuzimaliza, alijua, ingembidi kusema uwongo wa pili ili kuufunika wa mwanzo, na wa pili ungetaka kutunzwa vile vile, na yeye hana tena nguvu za kutunza kitu.

Alhamisi asubuhi alimwita Thabit.

"Funga mlango," alimwambia. "Kaa."

Alimwekea mbele chupa ya kumi na sita, haijafunguliwa. "Unaona utepe huu? Wa rangi gani?"

"Njano."

"Wa njano unatiwa wapi?"

"Melini." Thabit aliigeuza chupa, akasoma lebo. Akaisoma tena. "Lakini hii ni ya elfu mbili na kumi na tatu. Hii imo kwenye jedwali."

"Imo kwenye jedwali. Haikuhesabiwa. Nimeziandika tu. Chupa ishirini na tisa, Thabit. Mume wangu alikuwa mgonjwa, lakini sikwambii hivyo ili unionee huruma. Nakwambia ilivyokuwa. Nimezihesabu nne wiki hii. Wanyama wamejaa tele. Mwaka ule haukuvunjika. Niliuvunja mimi."

Thabit aliiweka chupa mezani kwa uangalifu mkubwa, kama ingeweza kumwagika ikiwa imefungwa.

"Miaka yote hii," alisema mwisho. "Mimi nilikuja hapa, nikakaa kiti hiki. Nikakuuliza, Bi Mastura, mwaka huu una nini? Ukaniambia, ndivyo ulivyo."

"Ndivyo nilivyokwambia."

"Nimeandika milango minne ya kitabu changu juu yake. Nimesema joto la bahari. Nimesimama mbele ya maprofesa nikalieleza joto la bahari." Sauti yake haikupanda, ilishuka. "Na miaka mingine?"

"Mingine nimeihesabu."

"Nitajuaje?"

"Chupa ziko stoo. Fungua utakazo."

Alisimama akatoka, mlango akauacha wazi.

Mchana ule ule Mastura alipanda ngazi kwenda kwa mkurugenzi, Dokta Khalil. Alimweleza kwa Kiarabu, kwa maneno machache, amesimama. Khalil alimtaka akae, akammiminia kahawa, akasikiliza mpaka mwisho huku akikizungusha kikombe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kamati Jumanne ya wiki ya tatu.

"Bi Mastura, wewe umebakisha miezi minane ustaafu," alisema. "Tuutoe mwaka huo tu. Tutasema sampuli ziliharibika. Kila mtu ana mwaka ulioharibika."

"Hazikuharibika, Dokta. Ziko chini, nzima."

"Unajua nikiandika hili itabidi niandike na barua yako ya onyo?"

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Mastura alikirudisha kikombe mezani. "Nimechoka kulipita jedwali lile," alisema.

Jumapili na Jumatatu Thabit hakuja kazini. Mastura aliendelea peke yake, nusu chupa kwa siku, akilipumzisha jicho kila baada ya robo saa. Hakujua kama hesabu ile inatakiwa na mtu. Hakuwa na kazi nyengine ya kufanya.

Jumanne Thabit alikuja. Hakumwamkia. Alikwenda stoo, akarudi na chupa sita za miaka sita tofauti, zenye utepe mweupe, akakaa kwenye hadubini ya pili, mgongo wake kwa Mastura, akaanza kuhesabu. Alihesabu siku tatu. Mastura alisikia kile kibonyezo cha kuhesabia kikilia tik, tik, tik, na kila kilipolia alijihisi anakaguliwa yeye, kidole kwa kidole. Alhamisi jioni Thabit alizilinganisha nambari zake na za jedwali. Chupa tano zilitofautiana kwa wanyama wachache tu, kama kawaida ya watu wawili. Ya sita nambari zilikuwa sawasawa.

Aligeuza kiti.

"Sijakusamehe, Bi Mastura."

"Sijakuomba."

"Nimewaandikia watu wa chuo changu. Nimewaambia milango yote minne ni batili. Sijui watafanya nini." Alijifuta macho, yalikuwa mekundu kama ya kila aliyeinamia kioo kile. "Nipe ya kumi na nane."

Walihesabu wiki tatu. Kamati iliahirishwa, Khalil akasema sababu ni za kiufundi, na hiyo ilikuwa kweli kwa namna yake. Walikaa mgongo kwa mgongo, na mwanzo hawakuzungumza ila nambari. Baadaye ikawa Thabit anaingia na chai ya maziwa mbili badala ya moja, akiiweka ya Mastura mezani bila ya neno. Siku moja alimwita aje aangalie.

"Huyu ni wa hatua ya tano au keshakuwa mzima?"

Mastura aliinama. Mnyama alikuwa amelala ubavu, mweupe kwa formalini, pembe zake ndefu zimekunjuka kwa uzuri, na mfuko wa mafuta umejaa karibu mwili mzima.

"Wa tano. Hesabu miguu. Huyu alikuwa tayari kushuka. Alikuwa keshakula, keshajaza, anangoja tu maji yageuke. Wavu ukamkuta."

Thabit aliinama tena kwenye hadubini. "Na wewe ulimwandika hayupo," alisema.

"Nilimwandika hayupo."

Ilikuwa ndiyo mara ya mwisho kulitaja.

Chupa ya arobaini waliimaliza siku ya Jumatano kabla ya chakula cha mchana. Thabit aliingiza nambari, wakautazama mstari mpya pamoja. Jiwe lilikuwa halipo. Mwaka ule ulikwenda sawa na wenziwe, juu kidogo hata. Kuporomoka kulianza baadaye, miaka miwili mitatu mbele, polepole, kwa kupanda na kushuka, kama mtu anayeshuka ngazi huku anasita. Kulikuwepo, lakini hakukuwa na siku moja wala sababu moja ya kunyooshea kidole.

"Hii ni ngumu zaidi kuieleza," Thabit alisema.

"Ni ngumu zaidi."

"Kamati walitaka mwaka mmoja. Walitaka niseme, hapa ndipo, na hiki ndicho."

"Waambie hatujui. Waambie tunahesabu."

Kamati waliambiwa. Walisikiliza dakika kumi, wakauliza lini watajua, Thabit akasema pengine baada ya kharif tano, sita, na wakapita kwenye jambo jengine. Chuo kilimtaka aandike upya milango ile minne, kikamwachia udaktari wake. Mastura alipewa barua ya onyo kali na kutakiwa kustaafu mwisho wa mwezi badala ya miezi iliyobaki. Khalil aliileta barua mwenyewe, ndani ya bahasha, akasimama mlangoni hajui pa kuweka mikono. Kabla ya kuondoka aliuliza kama angekubali wiki zile zilizobaki kumfundisha msichana mpya, Fajr, aliyetoka chuo kikuu na aliyekuwa hajawahi kuhesabu chupa hata moja.

Alimfundisha. Alimwonyesha namna ya kugawa sampuli na kuinamisha taa, namna ya kukijua kiumbe kwa miguu wala si kwa ukubwa. Siku ya tatu alimwambia: "Ikija siku huwezi, andika huwezi. Acha mahala pa nambari patupu. Patupu hapana aibu." Fajr aliyaandika maneno yale kwenye daftari lake kama mengine yote, chini ya kipimo cha formalini.

Siku ya mwisho gari la Mastura lilikuwa gereji, Nouf akaja kumchukua. Alikuwa keshaisoma barua; Mastura alimwachia mezani asubuhi, kwa kuwa hakujua aanzie wapi kwa mdomo. Walikwenda mpaka Azaiba, wakasimama mbele ya nyumba. Nouf hakuizima injini, baridi ya gari ikaendelea kuvuma.

"Kwa nini hukuomba ruhusa wakati ule?" aliuliza. "Wangekupa. Baba alikuwa anakufa, nani angekukatalia?"

"Wangenipa."

"Basi?"

Mastura alitazama mikono yake. "Ningekaa nyumbani, Nouf. Hospitali, nyumbani, hospitali. Baba yako anatapika, wewe unanitazama usoni ujue ikiwa atapona. Kule kazini nilikuwa naweka jicho langu kwenye kioo, watu wanadhani nnahesabu, hakuna anayenisemesha. Nilikuwa nafumba macho. Saa nzima, saa mbili. Ndiyo mahala pekee nilipopata. Nilipokwisha kukaa vile, chupa ikawa haijahesabiwa, na kesho yake tena. Nikaandika."

Nouf alikuwa na miaka kumi na tatu wakati ule, na sasa alionekana kuwa anarudi huko, chumba kwa chumba, akitafuta alichokiona.

"Nilikuwa najua unarudi macho mekundu," alisema. "Nilidhani ni kulia."

"Mara nyengine ilikuwa kulia."

"Ungeniambia, Mama."

"Ulikuwa mtoto."

"Sasa je? Miaka kumi na moja sasa?"

Jirani alipita na mifuko ya duka akawapungia mkono, wote wawili wakampungia. Nouf aliizima injini. Joto likaingia mara moja, wakabaki vile vile wamekaa, mikanda bado imefungwa.

"Teremka," Nouf alisema. "Nimekuwekea wali. Utakula, halafu utanihadithia kuanzia mwanzo, na usinirushe siku hata moja."